Hapendi insha, basi apelekwe sayansi?

Shemeji yangu ni dereva wa lori. Usiku ule alinipigia simu akiwa Malaba, kwenye foleni ya kuvuka kuingia Uganda, na kwa sauti yake nilijua hajapata usingizi tangu Mombasa. Matokeo ya S.4, yaani kidato cha nne, yalikuwa yametoka, binti yake kafaulu vizuri, na shule imempa siku tatu ajaze kombinesheni ya S.5, masomo atakayoyachukua kidato cha tano. "Shemeji, mwalimu ni wewe," akasema. "Huyu mtoto insha hazimwingii. Mjazie PCB, ile ya fizikia, kemia na biolojia, aende udaktari, tumalize." Nikamwuliza mtoto mwenyewe anasemaje. Honi zikalia nyuma yake, kisha akajibu: "Anasema popote, ilimradi hakuna insha."

Nimefundisha hesabu hapa Jinja kwa miaka 19, na maneno hayo nayasikia kila mwanzo wa mwaka. Mtoto haandiki, basi ni wa sayansi. Mtoto anaandika, basi ni wa sanaa, na wazazi wanamhurumia. Tumeyazoea hata hatuyahoji tena. Mimi naona kuchukia insha ni dalili, na dalili huchunguzwa kabla ya kutafutiwa dawa. Kijana mmoja hapendi insha kwa sababu hana la kusema juu ya mada aliyopewa. Mwenzake ana mengi ya kusema, ila Kiingereza kinamkaba koo. Yuko anayefikiri kwa tarakimu na michoro, maneno kwake huja nyuma. Na yuko ambaye herufi zinamchezea machoni tangu darasa la pili na hakuna aliyewahi kumpima. Ukiwatia hao wote PCB, kila mmoja utakuwa umempa dawa ya mwenzake.

Wasomaji walio nje ya Uganda huenda hawajui fomu hiyo inabeba nini. Mwanafunzi wa S.5 huchagua masomo makuu matatu. Juu yake kuna somo ambalo wote wanaliita GP, kifupi cha General Paper, karatasi ya maarifa ya jumla, nalo ni lazima kwa kila mtu, pamoja na somo dogo moja, ama hesabu ndogo ama kompyuta. Katika mfumo tulioutumia miaka mingi, A ya somo kuu ni pointi 6, GP na somo dogo hutoa pointi moja moja, jumla 20. Digrii inataka angalau prinsipo mbili, yaani masomo makuu mawili uliyoyafaulu katika mtihani mmoja. Lakini prinsipo ni geti la nje tu. Ukishaingia uani, Makerere na vyuo vingine vya serikali hupima masomo yako kwa uzito wa kozi unayoomba: somo la msingi kwa kozi hiyo huzidishwa mara 3, linalohusiana nayo mara 2, la kusindikiza mara 1. A ya hesabu kwa anayeomba uhandisi inakuwa 18. A hiyohiyo, kwenye kozi ambako hesabu ni somo la kuhusiana tu, inakuwa 12. Msichana Makerere kwa miaka mingi ameongezewa pointi 1.5.

Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 16 au 17 anapoandika herufi tatu kwenye fomu ile, nusu ya kozi za chuo kikuu zimefungwa siku hiyohiyo. Ukijaza PCB, umeuaga uhandisi, umeiaga takwimu, umeziaga hesabu za bima. Na umeviaga vyote kwa sababu ya insha, kitu ambacho wala hukukikimbia.

Nasema hukukikimbia kwa sababu biolojia yenyewe ina insha. Karatasi ya pili ya biolojia ambayo wakubwa wao wa S.6 wamekuwa wakiifanya inaanza na swali moja la lazima, lenye data na grafu, halafu yanafuata maswali ya kueleza. Eleza figo inavyosawazisha maji mwilini. Eleza mmea wa mahali pakame unavyojilinda. Jibu ni kurasa mbili au tatu, zenye mpangilio, zenye istilahi sahihi, kwa Kiingereza. Mtoto aliyekimbia historia kwa sababu ya kurasa tatu anazikuta hapa zinamsubiri, na safari hii hawezi hata kujitetea kwa maoni yake, maana figo haina maoni.

Kosa kubwa zaidi ninaloliona ni la uchumi. Wazazi wengi, na hata walimu, wanaamini uchumi ni somo la namba. Basi kijana mwenye hesabu nzuri anayechukia kuandika anapelekwa MEG, hesabu, uchumi na jiografia, kila mtu ameridhika. Fungua karatasi za uchumi za UNEB, baraza la mitihani la taifa, uone. Sababu za mfumuko wa bei. Faida na hasara za uwekezaji wa kigeni. Hatua za kupunguza ukosefu wa ajira katika nchi inayoendelea. Hesabu zipo, lakini chache, na nyingi ni za asilimia na kugawanya. Alama zote nene ziko kwenye maelezo. Nimewaona vijana waliokuwa wakinishinda mimi kwenye kalkulasi wakipata A ya hesabu na E ya uchumi, na mzazi anakuja shuleni akidhani mtihani umesahihishwa vibaya.

Historia angalau haimdanganyi mtu. Insha nne kwa saa tatu, karatasi ya kwanza. Insha nne kwa saa tatu, karatasi ya pili. Unajua unachokiingia.

Kombinesheni iliyo nyepesi kabisa kwa insha ni PCM, fizikia, kemia na hesabu, na hata humo utaombwa kueleza jaribio hatua kwa hatua. Sanaa ya kuchora nayo hupimwa kwa mkono na jicho, ingawa shule nyingi zimeiacha ife. Lakini popote uendapo GP inakufuata. Kwa muundo wa miaka yote niliyofundisha, GP ilitaka insha moja ya maneno 500 hadi 800, kisha swali moja kutoka sehemu ya pili, ambako mwanafunzi huchagua kati ya kifungu cha ufahamu na swali la takwimu na mantiki. Hapa nina uchungu, kwa sababu shule nyingi hufundisha kifungu tu. Kijana wa namba anamaliza S.6 bila kuambiwa kwamba ndani ya GP kulikuwa na swali lililotengenezwa kwa ajili yake: ratiba za mabasi, bei za bidhaa, jedwali la mvua, na maswali ya kukokotoa na kutoa sababu.

Sasa hivi muundo unabadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, mtihani wake wa kwanza wa S.4 ukafanyika 2024, na S.5 walioanza 2025 wamepokea mtaala uliolinganishwa na huo. Ninaouona darasani ni mtaala unaoanza swali kwa kisa. Mama ana shamba la ukubwa huu, anataka uzio, bei ya waya ni hii, mshauri. Zamani ungemwuliza mtoto eneo, akakupa tarakimu moja, mkaachana. Sasa lazima amshauri yule mama kwa sentensi. Mimi nafurahi, kwa sababu huko ndiko hesabu zinakotumika. Ila mzazi anayetafuta somo lisilo na maneno ajue kwamba mwelekeo wa nchi ni kueleza zaidi, hata katika hesabu.

Na chuoni je? Sitapita kozi moja moja. Udaktari ni miaka mitano, na tangu mwanafunzi anapoanza kuingia wodini kazi yake kubwa ni kumhoji mgonjwa na kuandika: maumivu yalianza lini, yalianzia wapi, yanahamia wapi, nini huyazidisha, nyumbani kuna nani mwingine anaumwa. Kisha anasimama mbele ya daktari bingwa na kuisoma habari hiyo huku wenzake wanasikiliza. Ukikosea mpangilio, bingwa anakosa ugonjwa. Uhandisi ni miaka minne, ndani yake mafunzo ya kazini yenye daftari la kila siku na ripoti mwishoni, na mwaka wa nne kuna mradi. Nimekaa na vijana wa uhandisi ambao pampu yao inapandisha maji vizuri kabisa, wamekwama miezi mitatu kwa sababu ripoti haijaandikwa. Mkaguzi wa hesabu huandika barua kwa menejimenti. Mtengeneza programu huandika maelekezo ili anayekuja baada yake asipotee. Sheria sihitaji kuitaja: miaka minne ya kuandika, kisha unakwenda kuandika tena kwenye Kituo cha Maendeleo ya Sheria hapo Makerere.

Lakini tuwe waangalifu, kwa sababu maandishi haya hayafanani. Insha ya GP inakuweka mbele ya karatasi tupu na kukuambia: toa hoja. Ripoti inakuweka mbele ya kitu. Kuna mgonjwa, kuna pampu, kuna jedwali, kuna udongo uliopimwa. Unaandika ulichokiona, ulichokifanya, kilichotokea, na unachodhani kimesababisha. Kijana anayetetemeka mbele ya karatasi tupu anaweza kuandika kurasa kumi akiwa na kitu mkononi. Nimeliona hilo mara nyingi, na ndilo linalonifanya niamini kwamba swali la "kozi ipi haina maandishi" limekosewa tangu mwanzo. Linalofaa kuulizwa ni mtoto huyu huandika akiwa na nini mbele yake.

Kwa hiyo sikumjibu shemeji usiku ule. Jumamosi nikaenda Walukuba kumwona binti.

Walukuba ni mtaa uliojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja. Watu walitoka kila upande, West Nile, Acholi, Bugisu, Kenya, na lugha iliyowaunganisha kwenye korido na bombani ikawa Kiswahili. Watoto wa hapo wanazaliwa nacho. Wakifika shuleni hawakikuti. Mtaala wa 2007 uliamua darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, na eneo hili kwa sheria ya ramani ni la Lusoga. Mijini shule nyingi huingia kwenye Kiingereza moja kwa moja. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya jumuiya na kifundishwe kwa lazima, nami nilishangilia. Bado watoto wengi wa Walukuba wanamaliza S.4 bila kuwahi kuandika darasani aya moja katika lugha wanayoiota usiku.

Dada yangu ana kibanda cha mobaili mani karibu na stendi, na likizo nzima binti ndiye aliyekishika. Sikumtajia digrii. Nilimwomba anionyeshe daftari la kibanda, kwa sababu kila wakala analo: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, saini. Pembeni kulia alikuwa amejichorea safu ya ziada ambayo hakuna aliyemwagiza. Ninanakili moja kama nilivyoikuta:

"Mzee wa samaki wa Masese katuma 150,000 kwa namba si yake, saa 1:10 jioni. Nimepiga kampuni 1:20. Wameizuia. Kesho aje na kitambulisho. Alikuwa na haraka, giza, 7 kaisoma 1."

Soma tena. Tukio lipo, saa ipo, hatua iliyochukuliwa ipo, kilichobaki kimetajwa, na chanzo kimetajwa. Kuna watu wazima wenye vyeo ambao ripoti zao nimezisoma na hazina hata nusu ya mambo haya.

Kisha nikafungua kurasa za nyuma, nikavuta stuli nikakaa. Alikuwa ameyakusanya makosa yote ya wiki tano za kwanza, 14, akayapanga kwa saa. Makosa 11 kati ya hayo yalitokea baada ya magharibi. Chini yake neno moja, "Taa", lenye mistari miwili. Siku nne mbele, kwenye ukurasa wa matumizi, ipo balbu ya kuchaji, 25,000. Wiki tatu zilizofuata, kosa moja. Nilimwuliza nani alimfundisha kufanya vile. Akasema, "Hakuna, mjomba. Nilichoka kupigiwa kelele na wateja."

Hapo ndipo nilipomfanyia jaribio ambalo namshauri kila mzazi alifanye kabla ya kugusa fomu. Nilimpa mada ya aina ya GP: je, bodaboda zizuiwe kuingia katikati ya mji? Kwanza nikamwambia anijibu kwa mdomo, kwa Kiswahili. Aliongea kama dakika kumi, akawatetea waendesha boda, akajipinga mwenyewe kwa ajali aliyoishuhudia, akamaliza kwa kupendekeza saa maalumu za kuingia. Nikamwambia aandike hayohayo kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja na nusu, hauna aya, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, lakini hoja imesimama. Nikamwambia aandike kwa Kiingereza. Dakika 20, mistari minne, mitatu imekatwa. Niliuinua ukurasa kwenye mwanga nisome alichokikata: ilikuwa sentensi ileile ya kwanza, mara tatu, kila mara kitenzi kimebadilishwa wakati. Sentensi ya pili hakuifikia kabisa.

Mtoto akishindwa kuongea, basi hajui habari. Mpe magazeti, mpe redio, mpe mazungumzo mezani. Akiongea vizuri na kushindwa kuandika hata kwa lugha yake, shida ni uandishi wenyewe, au ni macho na ubongo kutosomana na herufi, jambo ambalo wataalamu huliita disleksia. Huyo apelekwe kwa mwalimu wa elimu maalumu mapema, kwa sababu UNEB inaruhusu muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na shule ndiyo inayopaswa kuuomba wakati wa kusajili, wala si wiki ya mtihani. Nasikitika kwamba watoto wengi wanaohitaji msaada huu wameitwa wavivu tangu wakiwa na miaka saba. Lakini aliyeongea vizuri, akaandika kwa Kiswahili, akakwama kwenye Kiingereza, huyo hana chuki na insha. Ana lugha moja ambayo haijakomaa. Miaka miwili ya S.5 na S.6 inatosha kuikomaza kama kazi itaanza leo.

Shemeji alikuwa amefunga mambo mawili kwenye kamba moja. La kwanza ni udhaifu wa Kiingereza, nao unatibika. La pili ni kipaji cha kuona mpangilio ndani ya tarakimu, nacho ndicho kinachopaswa kuongoza uchaguzi. PCB haitibu la kwanza na inalizika la pili, kwa sababu haina hesabu kama somo kuu.

Simlaumu. Serikali yenyewe imempa sababu. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii ulipandishwa hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi, wenzetu wa sanaa wakagoma kwa kuachwa nyuma, na kila mzazi nchini alisikia ujumbe ule hata kama hana mtoto mwalimu. Ufadhili wa serikali wa vyuo vikuu, wanafunzi 4,000 kwa mwaka, umeelekezwa kwa wingi kwenye sayansi. Mikopo ya elimu ya juu iliyoanza 2014 nayo imeipa sayansi kipaumbele. Dereva wa lori anayesikia hayo redioni usiku kucha anafanya hesabu yake, na hesabu yake si ya kijinga. Inachokosa ni mwaka wa pili wa chuo, pale mtoto asiyeipenda kozi anaporudia mitihani, ufadhili unasimama, na baba anaanza kulipa kwa mfuko wake kozi ambayo mtoto aliingizwa ili isilipiwe.

Basi mtoto wa aina hii aende wapi? Kwa huyu wetu naona takwimu. Makerere ina kitivo kizima cha takwimu na mipango, na digrii ya takwimu huchukua miaka mitatu, sawa na ile ya hesabu za bima. Anayehitimu huko anaweza kufanya kazi benki, hospitali, kampuni ya simu, ofisi ya sensa. Kule kuna kuandika, lakini ni kuandika kwa aina ile ya balbu: hii ndiyo data, hiki ndicho nilichokifanya, hiki ndicho ninachodhani. Mtoto anayependa kutembea na kupima akaangalie upimaji ardhi, ambao siku hizi ni setilaiti na kompyuta kama ulivyo nguzo na kamba. Anayechora kila kona ya daftari asidharauliwe. Usanifu majengo ni miaka mitano ya kuchora na kutetea michoro kwa mdomo, na Makerere ina shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell aliyeianzisha. Kwa wazazi wa mashariki, Busitema iko karibu, ina uhandisi wa aina ambazo hazipatikani kila mahali, ukiwemo wa nguo na wa madini. Picha za mionzi na maabara ya hospitali zinamfaa kijana anayetaka tiba bila kurasa za historia ya mgonjwa.

Na kuna njia ya diploma, ambayo watu wa tabaka letu wameanza kuionea aibu bila sababu. Kijana anayejifunza kwa mikono anaweza kuanza na diploma ya ufundi Kyambogo au chuo cha ufundi kama kile cha Elgon, Mbale, akaingia digrii baadaye akiwa tayari anajua kazi. Makerere yenyewe ilianza 1922 na vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Chuo tunachokiota kilianza kwa randa na nyundo.

Kabla ya kuamua kozi yoyote, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyo. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya kuingia na wa mwisho ameshachoka, lakini wa pili atakuambia kweli. Mwombe karatasi za mitihani aliyoifanya na uzipitie na mwanao huku kalamu mkononi. Zungushia vitenzi tu. Kama kurasa zimejaa kokotoa, chora, thibitisha, buni, mwanao ataona mwenyewe. Kama zimejaa jadili na tathmini, ataona pia. Nimeliona zoezi hili likifanya kwa saa moja kazi ambayo mihadhara ya wazazi haikuifanya kwa mwaka mzima, kwa sababu mtoto anakuwa anasoma maisha yake ya baadaye kwa macho yake.

Shemeji alifika Jumapili mchana, vumbi bado kwenye nyusi. Dada alimwekea chakula, na alipokwisha kunawa nikamfungulia daftari kwenye ule ukurasa wa makosa 14. Aliutazama muda mrefu. Akauliza balbu ilinunuliwa kwa ruhusa ya nani. Binti akasema, "Kwa faida ya wiki ile, baba. Nimeandika hapo." Akatazama tena, akaona pameandikwa.

"Na udaktari?" akauliza, safari hii akimwuliza yeye.

"Baba, wagonjwa siwaogopi. Ila moyo wangu hauko huko."

Nilikuwa nimebeba karatasi za zamani za hesabu, fizikia na uchumi. Sikumficha chochote, nilizungushia maswali yote ya maelezo kwenye uchumi kwa kalamu nyekundu na karatasi ikawa nyekundu. Nilimwambia anaweza kuchukua PCM na kuyakwepa, na milango ya takwimu ingebaki wazi. Alizisoma zote, akageuza ile ya uchumi mara mbili, akauliza kama swali la bei za vyakula lina jedwali. Nikamwambia jedwali anaweza kulitengeneza mwenyewe, wasahihishaji hawamkatazi mtu kutoa ushahidi. Akajaza PEM: fizikia, uchumi, hesabu. Baba yake akamwuliza kama anajua kwamba hiyo ya katikati ina insha. "Najua, baba," akasema, "karatasi mbili."

Tumekubaliana aanze na Kiingereza wiki hii hii, kwa kitu alichonacho mkononi. Jumapili ijayo ananiletea mistari kumi kuhusu balbu.